La Isabela: kwa nini mji wa Columbus ulikufa ndani ya miaka minne tu?

#1 NyotaYaPangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimerejea hivi karibuni kutoka pwani ya kaskazini ya Jamhuri ya Dominika, ambako nilitembelea Hifadhi ya Taifa ya La Isabela, jirani na kijiji cha El Castillo katika mkoa wa Puerto Plata. Nimerudi na swali moja ambalo waongoza wageni wa pale walinijibu kila mmoja kwa namna yake, kwa hiyo naona nilifikishe jukwaani.

Kwa wasiopafahamu, hapa ndipo Christopher Columbus alipoanzisha makazi mwezi Januari 1494, katika safari yake ya pili, akiwa na merikebu 17 na watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 1,500. Hawakuwa wapelelezi waliopita njia. Walikuja na maseremala, waashi, wakulima, mapadri, daktari, farasi, ng'ombe, nguruwe, mbegu na vipando vya miwa. Walijenga kanisa la mawe, ghala la chakula, chumba cha baruti, mnara wa ulinzi na nyumba ya Columbus mwenyewe, na pembeni yake vibanda vya nyasi vipatavyo 200. Ilipofika 1498 mji ulikuwa mahame.

Leo unachokiona ni misingi ya mawe ya chokaa iliyobaki chini chini, misalaba myeupe juu ya makaburi, na bahari upande wa magharibi. Nyumba ya Columbus iko ukingoni kabisa mwa genge, na sehemu yake imekwisha kuliwa na mawimbi. Nilipoinama kutazama mabaki ya kuta zake niliona kwamba juu ya msingi wa mawe ukuta wenyewe ni udongo ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka, ujenzi ambao Wahispania wa kusini waliurithi kutoka enzi za Waislamu wa Andalusia. Ukuta wa namna hiyo hudumu karne nyingi ukifunikwa vizuri, na huyeyuka upesi ukiachwa kwenye mvua.

Dai langu ni hili: kilichoua mji ule ni njaa ya kujitakia. Wenyeji Wataino walikuwa na mashamba ya muhogo, viazi vitamu, mahindi, maharage, mananasi na mapera, na bahari iko hatua chache kutoka mlangoni, lakini Wahispania waling'ang'ania ngano, divai na nyama ya chumvi kutoka kwao. Mwenye maelezo bora zaidi ayalete.

#2 Kisiwani65

Asante kwa uzi mzuri, dada Nyota. Kabla watu hawajaanza kuuita "mji wa kwanza wa Wazungu Amerika", kama kibao cha hotelini kwangu kilivyoandika nilipofika huko, tuweke kumbukumbu sawa.

Wanorsi, yaani mabaharia wa Skandinavia, walifika L'Anse aux Meadows, Kanada, takriban miaka 500 kabla ya Columbus. Naye Columbus mwenyewe, baada ya merikebu yake ya Santa María kukwama mwambani Desemba 1492, alitumia mbao zake kujenga ngome ya La Navidad upande ambao leo ni Haiti, akaacha humo watu 39. Aliporudi Novemba 1493 aliikuta imeteketezwa na watu wote wamekufa. La Isabela ilianzishwa kwa sababu La Navidad ilikuwa majivu. Kwa hiyo sifa yake sahihi ni kwamba ulikuwa mji wa kwanza ambao Wahispania waliupanga kuwa mji, wenye kanisa, baraza na sheria.

Jambo hili linagusa swali lako, kwa sababu watu wale walishuka pwani wakiwa wamekwisha kuona maiti za wenzao. Mtu wa namna hiyo hali chakula cha jirani yake kwa moyo mweupe.

#3 BahariaMstaafu

Mleta uzi umeanza na chakula, mimi naanza na upepo, kwa kuwa ndio uliochagua mahali.

Kutoka La Navidad walikuwa wanarudi mashariki, na pwani ile upepo hutoka mashariki. Sisi wa Tanga na Mombasa tumezoea kaskazi na kusi, pepo zinazogeuka kila baada ya miezi kadhaa, na nahodha wetu tangu zamani akikuta upepo mbaya alitia nanga akasubiri msimu. Kule hakuna cha kusubiri, kwani pepo za bahari ile huvuma kutoka upande ule ule karibu mwaka mzima. Merikebu za matanga ya mraba zikipigana na upepo wa mbele hupoteza usiku kile zilichokipata mchana. Umbali ambao kwa upepo mwema ungewachukua siku chache uliwachukua karibu mwezi mzima, huku farasi wakifa melini na maji yakiharibika.

Walipofika kwenye ghuba ile hawakuwa na nguvu ya kwenda mbele. Kuna mto Bajabonico, kuna mawe ya kujengea na udongo wa kufinyangia, na inasemekana milima ya dhahabu ya Cibao iko nyuma yake. Lakini mto wenyewe uko mbali kidogo na mji, na ghuba iko wazi kwa upepo wa kaskazini. Mwaka 1495 kimbunga kilizamisha merikebu zilizokuwa zimetia nanga humo, ikapona Niña, na mabaki ya zilizozama yakatumika kuunda chombo kingine. Bandari inayokula meli zako haiwezi kulisha mji.

Nilipata kutia nanga Luperón, mwendo mfupi kuelekea mashariki kutoka pale. Ile ni bandari iliyofichika ndani ya mikoko, na mpaka leo wenye mashua wa Karibea huikimbilia msimu wa vimbunga. Columbus aliipita.

#4 MuuguziUghaibuni

Habari za humu. Napenda hoja zote tatu, lakini mifupa imekwisha kusema neno, nayo haijatajwa.

Makaburi ya pale kanisani yalichimbuliwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 watafiti wakachapisha uchunguzi wao wa mifupa. Kati ya watu 27 waliochunguzwa, 20 walikuwa na dalili zinazoelekea kuwa za kiseyeye. Ugonjwa huu hutokana na kukosa vitamini C. Baada ya miezi michache bila matunda wala mboga mbichi, mishipa midogo huanza kuvuja, fizi huvimba, vidonda vya zamani hufunguka, na damu inayovilia juu ya mfupa huacha alama za vitundu vidogo vidogo ambazo mchunguzi huziona hata baada ya miaka 500.

Hesabu zinakubali. Waliondoka Cádiz tarehe 25 Septemba 1493, wakashuka La Isabela Januari. Hiyo ni miezi mitatu na zaidi. Mgonjwa wa kiseyeye hana nguvu hata ya kunyanyua sepetu, na kila homa inayopita humchukua. Daktari wa msafara, Diego Álvarez Chanca, aliandika kwamba theluthi ya watu waliugua ndani ya siku nne au tano baada ya kushuka, yeye akilaumu kazi, safari na mabadiliko ya hali ya hewa. Nafanya kazi katika wodi ya wazee hapa Toronto, na hata leo tunampata mmoja mmoja mwenye upungufu huu, mzee aishiye peke yake kwa chai na mkate. Akipewa matunda, siku chache tu zinatosha kumwona anabadilika. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma: pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mapera yalikuwa pale pale kisiwani.

#5 ShambaDarasa

Mleta uzi, neno lako la "njaa ya kujitakia" ni zito mno, na kama ofisa ugani naomba niwatetee wakulima wale kidogo.

Kwanza, walipanda. Columbus aliripoti kwa furaha jinsi mbegu za mboga zilivyochipua upesi na jinsi ngano ilivyotoa masuke mwishoni mwa Machi. Kinachoshangaza wengi ni kwamba udongo haukuwakataa siku za mwanzo. Lakini ngano ya watu zaidi ya 1,000 haipatikani kwenye bustani, na tambarare yenye joto na unyevu huiletea kutu na ukungu kabla haijakomaa vizuri. Kulima kunahitaji mikono yenye afya, na Muuguzi ametueleza hali ya mikono ile. Wakati huo huo Columbus aliwatoa wanaume wenye nguvu akawapeleka bara kujenga ngome ya Santo Tomás katika Cibao, Machi 1494. Msimu wa kupalilia, wapaliliaji wako vitani.

Pili, muhogo si chakula cha kuokota. Muhogo mchungu wa Wataino lazima ukunwe, ukamuliwe maji yake yenye sumu, ukaushwe na kuokwa kuwa mkate mkavu juu ya kigae kikubwa cha udongo. Anayeupika bila kufundishwa anaweza kuiua familia yake. Na mkate ule hutunzika miezi, lakini baada ya kuokwa vitamini C yake imekwisha. Kwa hiyo Mhispania angeweza kushiba muhogo kila siku na bado akaota kiseyeye. Sisi tulioupokea muhogo baadaye kupitia Wareno, na tunaoutafuna mbichi shambani, tusiwapime kwa mazoea yetu.

#6 MwalimuKondoa

Nimewasoma wote. Mnazungumza kana kwamba Wahispania walikuwa peke yao kisiwani.

Chakula cha La Isabela kilikuwa kinatoka kwa Wataino, kwa kubadilishana shanga na njuga, baadaye kwa kunyang'anywa. Askari waliotumwa bara chini ya Pedro Margarit waliishi kwa kupora vijiji. Februari 1495 Columbus alipakia Wataino wapatao 500 kwenda kuuzwa Hispania, na karibu 200 kati yao wakafa baharini. Mwaka huo huo yakafuata mapigano ya Vega Real, kisha ushuru: kila mtu mwenye umri wa miaka 14 na kuendelea, katika maeneo ya dhahabu, alitakiwa kuleta njuga ya mwewe (kengele ndogo ya kufungwa mguuni mwa ndege wa kuwindia) iliyojaa vumbi la dhahabu kila miezi mitatu, na wa maeneo mengine alete pamba. Mtu anayechekecha mchanga wa mto kutwa nzima halimi. Bartolomé de las Casas, padri wa Kihispania aliyeandika historia ya kisiwa kile, anaeleza kwamba Wataino waliacha kupanda na kukimbilia milimani, wakitumaini kwamba njaa ingewafukuza wageni. Njaa ile iliwaua wao kwanza, kwa maelfu.

Kwa maoni yangu mji ulikufa kwa sababu ulikausha kisima ulichokuwa ukinywea. Kiseyeye kinaeleza 1494, lakini hakielezi 1496.

#7 Mtazamaji

Asanteni. Naomba kufahamishwa jambo moja: je, watu wote 1,200 walikufa pale? Mjomba wangu aliyewahi kufanya kazi melini hutueleza kwamba mji ule una mizimu ya watu wasio na vichwa, na sasa naona Baharia ametuacha na upepo tu bila kutupa mizimu.

#8 Kisiwani65

Mtazamaji, hapana, hawakufa wote. Tarehe 2 Februari 1494 merikebu 12 zilirudi Hispania chini ya Antonio de Torres, nazo zilihitaji mabaharia. Padri Boyl na Margarit waliondoka mwaka huo huo, wakaenda kumshtaki Columbus kwa wafalme. Machi 1496 Columbus mwenyewe aliondoka na vyombo viwili vilivyobeba Wahispania wapatao 225 na Wataino 30. Waliobaki walitawanyika kwenye ngome za bara, na wengine wakahamia kusini.

Kuhusu mizimu, mjomba wako hajatunga. Las Casas ameandika mambo waliyosimuliana watu wa wakati wake: mtu aliyepita katika magofu ya La Isabela alikutana na safu mbili za mabwana waliovaa vizuri, panga kiunoni, akawaamkia na kuwauliza wamefika lini kutoka Hispania. Hawakujibu neno. Walivua kofia zao kwa heshima, na vichwa vyao vikavuliwa pamoja na kofia. Watu wakawa wanaogopa kupita pale hata mchana.

Mabwana hao wanatuambia jambo. Wengi waliokuja walikuwa watu wa tabaka ambalo nchini kwao halikushika jembe. Columbus aliwalazimisha kujenga na kusaga nafaka, akawapunguzia posho, na akaadhibu waliogoma. Bernal de Pisa alipanga njama ya kuteka merikebu mapema 1494, na mwaka 1497 Francisco Roldán, aliyekuwa hakimu mkuu, aliasi na kuvunja ghala la La Isabela lenyewe. Mji ambao hakimu wake anavunja ghala umekwisha kufa kabla ya wakazi wake.

#9 NyotaYaPangani (mleta uzi)

Nashukuru kwa michango. Mwalimu, hoja yako ya 1496 ni nzito, lakini haiwezi kuniondoa kwenye dai langu, kwa sababu hata kabla ya vita chakula kilikuwa kikigawiwa kwa vipimo vidogo vya posho. Katika jumba la makumbusho la hifadhi nilitazama kwa muda mrefu vitu vilivyotoka ardhini: vipande vya fulana za chuma za pete ndogo ndogo, ncha za mishale ya upinde wa msalaba, sarafu, shanga, njuga, vigae vya vyungu. Wachimbaji wanasema mifupa ya wanyama ilikuwa haba kuliko walivyotarajia kwenye makazi ya watu wengi kiasi hicho. Watu waliweka akiba ya silaha vizuri kuliko akiba ya chakula.

Kuna aliyewahi kusoma kuhusu vyungu vya kuyeyushia madini? Viliwekwa vingi, na mwongoza wageni alisema ni vya dhahabu.

#10 FundiMaabara

Dada Nyota, swali hilo ni la fani yangu, kwa kuwa nafanya kazi ya kupima sampuli za dhahabu huku Kanda ya Ziwa.

Vyungu vile vililetwa kwa ajili ya kupima miamba, lakini masalia yaliyopatikana navyo ni ya madini ya risasi na fedha zaidi. Wachimbaji walikuta madini ya galena, yaani mawe mazito yanayong'aa yenye risasi, na pia takataka za kuyeyushia. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba Wahispania walikuwa wamegundua fedha kisiwani. Mwaka 2007 wataalamu walipima isotopu za risasi iliyomo, yaani aina za atomi zake zenye uzito tofauti, ambazo uwiano wake hutofautiana kutoka eneo moja la madini hadi jingine, wakaona kwamba galena ile haikutoka Hispaniola, yaani kisiwa kile, bali ilibebwa kutoka Hispania.

Kwa nini ubebe mawe ya risasi kuvuka bahari? Sisi wapimaji tunajua. Ukitaka kujua kama mwamba una dhahabu au fedha, unausaga, unauyeyusha pamoja na risasi, na risasi hukusanya dhahabu na fedha yote iliyomo. Kisha unachoma kidonge hicho kwenye kikombe chenye vinyweleo. Risasi hugeuka oksaidi na kunyonywa, inabaki punje inayong'aa katikati. Risasi ilikuwa dawa ya kupimia. Watafiti wanaona kwamba siku za mwisho za mji, watu walioshindwa kupata dhahabu waliigeukia dawa yenyewe, wakaiyeyusha ili kukamua fedha kidogo iliyokuwa ndani yake. Nikisoma hapo huwa nasimama. Fundi anayekula vifaa vyake mwenyewe ameona kwamba hakuna meli inayokuja.

Kwa hiyo naongeza sababu nyingine: msafara ulipangwa kama mradi wa madini, na madini hayakulipa.

#11 BintiLamu

Salaam kwenu. Swali langu ni la mgeni anayetaka kwenda kuona: hayo magofu mnayoyasifu ni ya kweli kiasi gani? Nimesikia kwamba eneo lilisukumwa baharini kwa tingatinga.

#12 Kisiwani65

Dada BintiLamu, kwa bahati mbaya umesikia jambo la kweli, ingawa kila anayelisimulia ana namna yake. Wakati wa utawala wa Rafael Trujillo, aliyeshika nchi kuanzia 1930 hadi 1961, eneo lilisawazishwa kwa mashine. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba ilitoka amri ya "kusafisha" mahali kabla ya ujio wa wageni, na waliotekeleza wakasafisha kila kitu mpaka kuta. Wengine husema amri ilihusu vichaka tu. Kabla ya hapo, mawe yalikuwa yakichukuliwa kwa ujenzi kwa vizazi vingi.

Kilichookoa ni vitu viwili. Mwaka 1891 ofisa wa jeshi la majini la Marekani alipita pale akachora ramani ya kuta zilizokuwa bado zimesimama. Kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, José María Cruxent wa Venezuela na Kathleen Deagan wa Chuo Kikuu cha Florida walichimba kwa makini karibu miaka kumi, na Cruxent aliishi pale pale, akiwafundisha wanakijiji kazi. Walitenganisha msingi na kifusi kwa subira ambayo inastahili heshima. Kwa hiyo mistari ya mawe unayoiona ardhini ni misingi halisi kwa sehemu kubwa, lakini usitarajie kuta za kimo cha mtu kama za Gede au Msikiti Mkuu wa Kilwa.

#13 BahariaMstaafu

Kisiwani65, umeitaja Kilwa nami nafuata. Wareno waliiteka Kilwa Julai 1505, wakajenga ngome ya mawe kwa haraka, na mwaka 1512 wakaiacha wenyewe. Miaka saba tu. Hapo hapakuwa na muhogo mchungu, hapakuwa na jangwa la chakula, na bandari ya Kilwa ni miongoni mwa bora duniani. Walishindwa kwa sababu dhahabu ya Sofala iliacha kupita Kilwa mara tu wao walipoingia. Nisomapo hilo najiuliza kama hata bandari nzuri ingeiokoa La Isabela.

#14 Kisiwani65

Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike, mzee wangu. Dhahabu yenye manufaa ilipatikana kusini, upande wa mto Haina, na mwaka 1496 Bartolomé Columbus, nduguye, alianza mji mpya kwenye mlango wa mto Ozama. Huo ndio Santo Domingo, ambao mpaka leo ni mji mkuu. La Isabela haikufa kwa ugonjwa wala kwa njaa, ilihamishwa. Watu walikufa kwa ugonjwa na njaa, na mji ukafa kwa kukosa kazi. Hayo ni mambo mawili, na uzi huu tangu bandiko la kwanza unayachanganya.

#15 MwalimuKondoa

Siafiki. Ungekuwa mji wenye afya, ungebaki hata bila kuwa makao makuu, kama Bagamoyo ilivyobaki baada ya Wajerumani kuhamishia serikali Dar es Salaam mwaka 1891. Watu wa Bagamoyo walikuwa na mashamba, mitumbwi, misikiti na ndugu. La Isabela haikuwa na ndugu hata mmoja ndani ya kisiwa kizima, kwa sababu ya mambo iliyozitendea jamii za jirani, ambayo nimekwisha kuyaeleza katika bandiko #6.

#16 MkaaziNewJersey

Nimeishi miaka mingi na majirani Wadominika, na mmoja wao ndiye aliyenishauri nifike. Kwa atakayekwenda: ukitua uwanja wa ndege wa Puerto Plata, njia ya gharama nafuu ni kupanda basi dogo linaloitwa guagua, ambalo ni daladala kwa kila hali, hadi Imbert, kisha jingine hadi Luperón, na kutoka hapo unachukua bodaboda, ambayo wao wanaiita motoconcho, mpaka El Castillo. Patana bei kabla ya kupanda, na mwambie dereva akusubiri. Nenda asubuhi, kivuli ni kidogo na jua la mchana halina huruma. Waongoza wageni wengi huzungumza Kihispania, kwa hiyo nenda na mtu wa kukutafsiria kama hukijui, kwa sababu bila maelezo utaona mawe tu.

Usiache makaburi. Kuna mifupa ya mtu mmoja iliyoachwa wazi mahali ilipokutwa, ikiwa imefunikwa kwa paa, amelala chali na mikono imekunjwa kifuani kwa desturi ya Kikristo. Mwongozaji alinieleza kwamba Wataino walizikwa wakiwa wamejikunja. Jirani yangu, ambaye ni mama mtu mzima, alinikataza kupiga picha hapo, nami nikamtii.

#17 MuuguziUghaibuni

Asante, ndugu wa New Jersey. Kuhusu mifupa hiyo, watafiti walipopima kemikali za meno, ambazo hubeba alama ya maji na chakula cha mahali mtu alipokulia, walidokeza kwamba baadhi ya waliozikwa pale huenda walikulia Afrika. Kama ni kweli, basi Waafrika walikuwa katika ardhi hiyo tangu safari ya pili, kabla ya biashara kubwa ya watumwa kuvuka Atlantiki.

Nataka pia niongeze tahadhari juu ya takwimu zangu za bandiko #4. Watu 27 si mji mzima. Waliochimbuliwa walitoka sehemu ya makaburi tu, na wengi huenda ni wa miezi ya mwanzo. Hazitwambii waliokuwa hai 1496 walikuwa wakila nini. Mwalimu ana haki kusema kiseyeye hakielezi mwisho, ila nampinga anapokifanya kiwe jambo dogo: theluthi ya watu wakilala wiki ya kwanza, ghala halijengwi kwa wakati, shamba halipaliliwi, na hapo ndipo askari wanapoanza kwenda vijijini kunyang'anya.

#18 ShambaDarasa

Sasa niulize jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Ng'ambo ya ghuba, mkabala na El Castillo, kuna mahali panapoitwa Las Coles, ambapo wachimbaji walikuta tanuri la vyungu na dalili za kilimo. Makazi yalikuwa mawili: ngome upande huu, na wafinyanzi na wakulima upande ule. Mji wa ngome ndio wenye kanisa, makaburi, vyungu vya madini na mizimu ya Mtazamaji, na ndio tunaoujadili muda wote. Watu wa Las Coles walikuwa karibu zaidi na maji ya mto na udongo mzuri. Je, waliugua kama wenzao? Walipika kwa vyungu vya nani, na walipanda nini? Dada Nyota, ulivuka kwenda kuona?

#19 NyotaYaPangani (mleta uzi)

Sikuvuka. Njia ya watalii inaishia kwenye misingi ya ngome, jumba la makumbusho na kanisa jipya lililojengwa karibu kwa maadhimisho ya miaka 500. Ila mvuvi mmoja pale ufukweni alisema anawapeleka wanaotaka, na mdogo wangu anakwenda Puerto Plata kabla ya msimu wa vimbunga. Nitamwagiza avuke, apige picha za mahali pa tanuri, na aulize wenye mashamba upande ule wanalima nini leo. Nitaziweka humu humu.

#20 BahariaMstaafu

Mwambie avuke asubuhi mapema. Mchana upepo ukishika, ghuba ile huchafuka, na mashua ndogo haina pa kujificha.